Kuku, Sungura na Ndoo Moja ya Mahindi

Kwa miaka miwili nyumbani kwangu kulikuwa na ndoo moja tu ya chakula cha wanyama. Ilikaa nyuma ya mlango wa uani, imejaa mahindi ya kuparaza. Kila asubuhi nilichota kopo nikawamwagia kuku, kisha nikachota kiganja kimoja nikampelekea Pamba, sungura wetu. Kuku walikuja mbio. Pamba naye alisimama kwa miguu ya nyuma, pua ikimcheza, akala mkononi mwangu mpaka chembe ya mwisho. Nikaamini nimewalisha. Mnyama anayepokea chakula kwa furaha namna ile, nani atasema analishwa vibaya?

Asubuhi moja Pamba hakusimama. Alikuwa amejikunyata pembeni mwa kizimba, macho nusu yamefumba, na nilipomnyooshea mahindi aligeuza uso. Nikamletea karoti, akageuza uso. Kipande cha ndizi, ambacho siku nyingine angekipokonya, kikabaki sakafuni. Kilichonitisha zaidi nilikiona nilipoinua trei: usiku kucha hakuwa ameacha kinyesi hata punje moja.

Daktari wa mifugo alimpapasa tumbo, akamsikiliza kwa stetoskopu, akakaa kimya muda mrefu. Kisha akaniuliza swali ambalo sikulitarajia.

"Mama, nyasi anakula kiasi gani?"

"Nyasi zipo, daktari, ila hazipendi sana. Anapenda mahindi, mkate, karoti..." Nilikuwa nikitaja vitu hivyo kama mzazi anayeeleza mema aliyomtendea mwanawe. Nilipofika kwenye biskuti sauti ilikuwa imenipungua.

"Utumbo wake umesimama," akasema. "Hauna cha kuusukuma."

Pamba alipona. Alidungwa maji na dawa ya maumivu, na kwa siku tatu nilimlisha uji wa nyasi zilizosagwa kwa bomba la sindano, kidogo kidogo kila baada ya saa chache, hadi usiku wa tatu niliposikia punje ya kwanza ya kinyesi ikigonga trei. Nilikaa pale sakafuni nikalia. Ni baada ya hapo ndipo nilipoanza kusoma, kuuliza, na kuitazama ile ndoo kwa jicho jingine. Na kadiri nilivyosoma ndivyo nilivyoona kwamba haikuwa imemponza Pamba peke yake. Kuku nao walikuwa wakiumia kwa mahindi yale yale, ila kwa njia tofauti kabisa, na kimyakimya.

Kuku na sungura wana matumbo yanayokwenda kinyume. Sungura ameumbwa kula chakula hafifu kwa wingi, mchana na usiku, bila kukoma. Kuku wa mayai ameumbwa kula kidogo, lakini kidogo hicho sharti kiwe kimekamilika, maana kila siku anatoa mwilini mwake kitu kizito na anahitaji kukirudisha. Ukimpa sungura chakula cha kuku, unamzidishia. Ukimpa kuku mahindi matupu, unampunja, hata kama gole lake, ule mfuko wa chakula chini ya shingo, limejaa tele.

Nianze na sungura, kwa kuwa ndiye aliyenifundisha.

Sungura hawezi kutapika. Kinachoingia hakina njia nyingine isipokuwa kusonga mbele, na kinachokisogeza ni nyuzinyuzi ngumu za nyasi, zile ambazo yeye mwenyewe hawezi hata kuzimeng'enya. Hula milo midogo midogo, pengine 30 kwa siku, gramu chache kila mara, na tumbo lake likiwa zima halibaki tupu. Ndiyo maana sungura aliyekaa nusu siku bila kula ni mgonjwa wa kukimbizwa kwa daktari, si wa kusubiriwa hadi kesho. Laiti ningelijua hilo mapema, nisingepoteza saa nne nikimbembeleza Pamba kwa ndizi.

Chakula kikifika mwanzoni mwa utumbo mpana, hapo hufanyika kazi ambayo mpaka leo hunistaajabisha. Utumbo hupepeta. Nyuzinyuzi ndefu hupita moja kwa moja na kutoka nje kama vile vidonge vikavu vya mviringo tunavyovizoea. Chembe ndogo na majimaji hurudishwa nyuma, kuingia kwenye mfuko mkubwa uitwao sekamu, ambao peke yake hubeba karibu asilimia 40 ya vyote vilivyomo tumboni. Humo wanaishi bakteria kwa mamilioni. Wanachachua, wanatengeneza protini, wanatengeneza vitamini za kundi B na vitamini K. Kisha, mara moja au mbili kwa siku, sekamu hutoa kishada laini kinachong'aa, mfano wa zabibu ndogo zilizoshikana, nacho sungura hukipokea kwa mdomo moja kwa moja kutoka nyuma yake na kukimeza bila kukitafuna.

Binti yangu alipoiona kwa mara ya kwanza alipiga kelele. "Mama, Pamba anakula mavi yake!" Nilimwambia amwache, ile ni sehemu ya chakula chake. Daktari wa mifugo Mfaransa aitwaye Morot alikwisha kuandika juu ya tabia hii mwaka 1882, na bado wapo wafugaji wanaomzuia sungura wao wakidhani ni uchafu au ni njaa. Ukimzuia unamnyima mlo wake wa pili.

Sasa mimina mahindi, mkate na biskuti katika mtambo huo. Wanga mwingi na sukari vinaifikia sekamu, bakteria waliokuwa na mizani yao wanavurugika, wasiofaa wanashamiri, gesi inajaa, na mwendo wa utumbo unapungua. Sungura anahisi maumivu, anaacha kula, na kwa kuacha kula utumbo unazidi kusimama. Kabla ya kufika huko kulikuwa na dalili niliyoiona na kuifuta kwa mikono yangu mwenyewe: kwa wiki kadhaa manyoya ya nyuma ya Pamba yalikuwa yakigandwa na kinyesi laini. Nilikuwa namwosha kwa maji ya uvuguvugu na kumkausha kwa taulo, nikidhani nampenda kwa kumsafisha. Vilikuwa ni vile vishada alivyoshindwa au kukataa kuvila, kwa sababu alikuwa ameshiba vitu vitamu. Kama sungura wako ana tatizo hilo, mwangalie kwanza anachokula, umwonyeshe daktari, sabuni ije baadaye.

Halafu kuna meno. Meno ya sungura hayakomi kuota maisha yake yote. Yale ya mbele huongezeka takriban milimita 2 hadi 3 kwa wiki. Kinachoyapunguza ni kusagana, hasa ule mwendo wa taya kwenda kando na kurudi anapotafuna nyasi ndefu. Mahindi na peleti, yaani chakula kikavu kilichoshindiliwa kuwa vidonge, huvunjwa kwa kupondwa juu chini, mara chache tu, kisha humezwa. Magego ya nyuma yasiposuguliwa huota ncha kali zinazokata ulimi na mashavu, na hapo sungura hulitazama jani, akalisogelea, akaliacha. Mwenyewe utasema amechagua. Kumbe anaogopa maumivu.

Kwa hiyo nyasi, mbichi au zilizokaushwa yaani hei, ndizo chakula. Vingine vyote ni kitoweo. Hei nzuri ya nyasi ichukue zaidi ya robo tatu ya anachokula, ikae mbele yake saa zote, na iwe na harufu ya shamba, si ya vumbi wala uvundo. Mimi humwekea rundo lenye ukubwa kama wake mwenyewe au zaidi, na nimeliweka karibu na mahali anapojisaidia, kwa kuwa sungura hupenda kula huku akijisaidia. Tangu nihamishe rundo hilo tu, ulaji wake wa nyasi uliongezeka.

Majani mabichi huyapata kila siku, aina kadhaa kwa pamoja, badala ya aina moja kila siku mpaka dunia iishe. Jani jipya naanza nalo kwa kipande kidogo, nasubiri siku moja nione kinyesi. Peleti zisizidi gramu 25 kwa kila kilo ya uzito wake, na sungura mzima anayekula hei vizuri huridhika na pungufu ya hapo. Matunda na karoti ni peremende: kipande cha ukubwa wa ncha ya kidole gumba, tena si kila siku. Najua picha ya sungura na karoti imetukaa vichwani tangu utotoni, nami naipenda, lakini mzizi ule ni sukari. Majani yake ya juu yana faida zaidi.

Kuna chakula cha mchanganyiko kinachouzwa kwa ajili ya sungura, chenye punje za rangi rangi, mahindi bapa, njegere zilizokaushwa na vitu vitamu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Edinburgh waliwafuatilia sungura kwa zaidi ya mwaka, wengine wakila hei tu, wengine hei na peleti, wengine mchanganyiko huo pamoja na hei au peke yake. Waliopewa mchanganyiko walichagua walichokipenda na kuacha kilichobaki, wakala hei kidogo, na waliokosa hei kabisa wakapata matatizo ya meno. Mimi sioni sababu ya kuununua. Ukiwa nao nyumbani, usiutupe siku hiyo hiyo ukabadilisha ghafla. Punguza kidogo kidogo kwa wiki mbili huku hei ikiongezeka.

Kalsiamu nayo inahitaji maneno machache, kwa sababu hapa sungura anatofautiana sana na kuku. Wanyama wengi hufyonza kalsiamu kwa kadiri wanavyoihitaji. Sungura hufyonza karibu yote iliyopo kwenye chakula, kisha ziada huitoa kwa mkojo, ndiyo maana mkojo wake mara nyingine ni mzito na mweupe kama maji ya chokaa. Ikizidi mno, na maji akanywa kidogo, hutuama kibofuni kama tope au kuwa mawe. Alfalfa, mmea wa malisho wa jamii ya kunde, ina kalsiamu na protini nyingi. Inamfaa sungura mchanga anayekua, mwenye mimba na anayenyonyesha. Mzima asiyezaa apewe hei ya nyasi za kawaida. Na maji yawe kwenye bakuli zito lisilopinduka. Ile chupa ya kuning'inia yenye kijipira inampa tone tone, naye huchoka kabla hajatosheka. Pamba alianza kunywa zaidi siku ile ile nilipombadilishia.

Parachichi usimpe, jani wala tunda, na hili linawahusu kuku vilevile. Majani ya nyanya na ya viazi mviringo, kitunguu, chokoleti: weka mbali.

Tuje kwa kuku.

Wahenga walisema kuku wa mkata hatagi, na akitaga haangui, na akiangua halei, na akilea hunyakuliwa na kipanga. Nimeisikia methali hiyo tangu nikiwa mtoto na siku zote niliichukua kuwa habari ya bahati. Siku hizi ikinijia, nasimama kwenye lile neno la kwanza, hatagi, na kumfikiria kuku anayezurura akiokota alichoachiwa. Atatagaje? Yai analitoa wapi?

Chukua yai moja. Ganda lake lina uzito wa gramu 5 hadi 6, na karibu lote ni kalsiamu kaboneti. Ukipiga hesabu, kalsiamu tupu humo ni kama gramu 2. Mwili mzima wa kuku una takriban gramu 20 za kalsiamu, nyingi zikiwa mifupani. Maana yake kila yai linapotoka, kuku ameachia karibu sehemu moja ya kumi ya kalsiamu yake. Kesho au keshokutwa anatoa nyingine. Hakuna mama mwingine ninayemjua anayejitoa kiasi hicho kwa haraka hiyo.

Chakula cha kutagia hutengenezwa kikiwa na kalsiamu asilimia 3.5 hadi 4.5 na protini asilimia 16 hadi 18. Kuku akila gramu 110 za chakula chenye asilimia 4, anapata gramu 4.4 za kalsiamu, na akifyonza nusu yake, ganda limepatikana. Sasa leta kopo langu la mahindi. Tuseme kila kuku anaokota gramu 40 za mahindi asubuhi, akashiba, na chakula kamili akala gramu 70 tu. Mahindi hayana kalsiamu ya kuhesabika, na protini yake ni asilimia 8 au 9. Kalsiamu inashuka hadi gramu 2.8, na protini kutoka karibu gramu 19 hadi 15. Nami nilikuwa siwapi hicho chakula kamili kila siku. Mara nyingi kopo la mahindi ndilo lilikuwa chakula, na uani hapakuwa na jani la kijani lililosalia.

Matokeo yalikuja polepole. Kwanza maganda yalikuwa membamba, yanapasuka mkononi. Kisha asubuhi moja nikaokota yai lisilo na ganda kabisa, tepetepe kama kifuko cha maji, limelala chini ya mti wa kulalia kuku. Kuku mmoja mwekundu, mtagaji hodari kuliko wote, alianza kuchechemea. Nikadhani ameteguka. Alikuwa anavunja mifupa yake mwenyewe kutengeneza mayai ambayo sisi tulikuwa tunakaanga. Sikuwahi kumwomba radhi mnyama kabla ya siku ile.

Kilichosaidia kilikuwa chepesi. Mahindi nikayaondoa asubuhi, chakula cha kutagia kikawa mbele yao kutwa, na pembeni nikaweka kibakuli cha maganda ya chaza yaliyovunjwavunjwa, wajichukulie. Nimejifunza pia kwamba saa ina maana yake. Yai hukaa kwenye mfuko wa kutengeneza ganda kwa takriban saa 20, na sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanyika usiku wakati kuku amelala na hali kitu. Vipande vikubwa vya maganda ya chaza hukaa kwenye firigisi na kuyeyuka taratibu, kwa hiyo akivila jioni anakwenda kulala na akiba. Chokaa laini iliyosagwa kama unga hupita haraka zaidi. Ukichungulia kibakuli utaona kuku wanaotaga hukiendea jioni, na jogoo hana habari nacho.

Watu wengi huchanganya maganda haya na changarawe. Changarawe ni mawe magumu yasiyoyeyuka, na kazi yake ni kusaga. Kuku hana meno. Firigisi ndiyo kinywa chake halisi. Anayekula chakula cha unga au peleti peke yake anaweza kuishi bila changarawe, lakini anayekula punje nzima na majani anaihitaji, na aliyefungiwa bandani hawezi kujitafutia. Bila hiyo, majani marefu husokotana kwenye gole na kuziba. Kwa hiyo vibakuli ni viwili, na kimoja hakichukui nafasi ya kingine.

Protini nayo si asilimia tu. Protini hujengwa kwa asidi amino, na kuku akikosa moja tu, zilizobaki haziwezi kukamilisha kazi. Kwa mahindi upungufu mkubwa ni laisini. Kwa soya inayopungua ni methionini, ile inayojenga manyoya. Ndiyo maana vyakula vizuri huchanganya mahindi, soya, mashudu ya alizeti au unga wa samaki, ili mmoja azibe pengo la mwenzake. Kuku wanaodonoana na kunyofoana manyoya huweza kuwa wamebanana, wamechoshwa, au wana wadudu, lakini angalia pia kama wanakosa protini. Wangu waliacha ndani ya mwezi mmoja. Soya iwe imepikwa au kukaangwa. Ikiwa mbichi ina kizuizi cha kumeng'enya protini, na maharagwe makavu mabichi ni sumu kabisa.

Hapa niruhusu nitoke nje ya banda kidogo. Mwishoni mwa karne ya 19, daktari Mholanzi Christiaan Eijkman alikuwa Batavia, mji ambao leo ni Jakarta, akitafuta kijidudu kinacholeta beriberi, ugonjwa unaodhoofisha neva na miguu. Kuku wa maabara yake wakaanza kuyumba na kupooza miguu. Kabla hajapata jibu, wakapona. Alipofuatilia akagundua kwamba walipougua walikuwa wakipewa mabaki ya wali mweupe kutoka jiko la hospitali ya jeshi, hadi mpishi mpya alipokataa kuwapa kuku chakula cha askari, wakarudishwa kwenye mchele usiokobolewa. Hapakuwa na kijidudu. Kulikuwa na kitu kwenye lile ganda la mchele, na baadaye kikajulikana kuwa vitamini B1. Eijkman alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1929. Miaka hiyo hiyo huko Copenhagen, Henrik Dam aliwalisha vifaranga chakula kilichoondolewa mafuta, akaona wanavuja damu isiyoganda. Hivyo ndivyo vitamini K ilivyopatikana, naye akapewa Nobel ya mwaka 1943 pamoja na Edward Doisy.

Naisimulia kwa sababu inanigusa. Kuku waliyumba na kuvuja damu ndipo sisi tukajua maana ya mlo kamili. Na zile vitamini mbili, B1 na K, ni miongoni mwa zile ambazo Pamba hujitengenezea sekamuni na kuzila alfajiri akiwa amejikunja kama mpira. Kuku hana njia hiyo ya kutegemea. Asichokipata kwenye chakula, kwenye majani au kwenye mdudu aliyemkamata, hanacho.

Mtu akishaelewa umuhimu wa kalsiamu, kosa linalofuata ni kuimwaga kwa kila mwenye mbawa. Vifaranga na matembe wasiopata kutaga wanahitaji takriban asilimia 1 tu. Chakula cha kutagia kwao ni mzigo juu ya figo. Huharibika, na wengine hufa. Vifaranga wapewe chakula cha kuanzia chenye protini kuanzia asilimia 18 kwenda juu, wahamie cha kukuzia, na cha kutagia kisubiri hadi yai la kwanza linapokaribia. Ukiwa na banda la mchanganyiko, matembe, majogoo na watagaji pamoja, njia rahisi ni kuwapa wote chakula cha kukuzia na kuacha kibakuli cha maganda ya chaza kwa anayehitaji. Vifaranga wa bata nao wana lao: wanahitaji niasini (vitamini B3) karibu mara mbili ya vifaranga wa kuku, na wakiikosa miguu yao hupinda. Chachu ya lishe ikinyunyizwa juu ya chakula husaidia. Na bata ale akiwa na maji kando ya kutumbukiza mdomo hadi puani, la sivyo anapaliwa.

Maji kwa kuku ni karibu mara mbili ya uzito wa chakula anachokula, na joto likizidi huongezeka sana. Siku moja ya maji kukatika inaweza kuwasimamisha kutaga kwa siku nyingi.

Kuna jambo moja ambalo wenye kuku na sungura uani mmoja hatuambiwi mara nyingi, nami naliandika hapa kwa msisitizo. Baadhi ya vyakula vya vifaranga huwekwa dawa ya kuzuia koksidiosisi, ugonjwa wa utumbo unaoletwa na vimelea. Baadhi ya dawa hizo, kama narasini na salinomisini, kuku hazimsumbui, lakini ni hatari kwa sungura, kwa bata mzinga na kwa farasi. Sungura aliyeponyoka na kujilia kwenye sahani ya vifaranga anaweza kufa kwa dawa aliyowekewa mwingine. Soma lebo. Kama mfuko hauna lebo, usiache sungura aukaribie.

Na nusa kabla ya kuchota. Mwaka 1960 nchini Uingereza bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa kwa ugonjwa usiojulikana, hadi ilipobainika kwamba mashudu ya karanga waliyolishwa yalikuwa na ukungu. Ndivyo dunia ilivyoijua aflatoksini, sumukuvu inayotokana na ukungu huo. Ini la ndege huharibika kwa kiasi kidogo sana cha sumu hiyo, na kupika hakuiondoi. Mahindi yenye vumbi la kijani au harufu ya uvundo hayapelekwi kwa kuku kwa kisingizio kwamba binadamu hatuyataki, yanatupwa. Lile wazo kwamba kuku ni pipa la kumalizia vilivyoharibika linaniumiza kila ninapolisikia.

Siku hizi nyuma ya mlango kuna ndoo tatu zenye vifuniko vinavyobana, na binti yangu ameziandika kwa kalamu nene: KUKU, VIFARANGA, PAMBA. Hei iko kwenye gunia la kitambaa linalopitisha hewa. Mahindi bado yapo, kwenye kopo dogo. Kuku hupata kiganja jioni, nikishawahesabu, na jumla ya vitu vya ziada haivuki sehemu moja ya kumi ya mlo wao. Kila Jumamosi tunampima Pamba kwenye mizani ya jikoni na kuandika. Akipungua gramu 100 tunajua kabla hajaonekana mgonjwa.

Jioni, kuku wakishapanda, napita gizani nikiwagusa mmoja mmoja chini ya shingo. Gole liwe limejaa na laini kama mfuko wa mchanga wenye maji. Asubuhi narudia, nalo liwe tupu. Yule mwekundu hachechemei tena. Hutaga mara chache kuliko zamani, na maganda yake ni magumu hadi inabidi uyagonge mara mbili. Nikimaliza naingia ndani, nasikia kizimbani ule mkwaruzo wa nyasi na taya ikienda kando na kurudi. Rundo likiwa limepungua, naongeza kabla sijazima taa.